Gari likizima na kugoma kuwaka, kipuri kipya si jibu la kwanza

NI jioni na foleni ya kuingia mjini inasogea polepole. Subaru Impreza WRX inakaribia mzunguko wa barabara. Dereva anaachia pedali ya mafuta, valvu ya turbo inatoa ule mlio unaogeuza shingo za wapita njia, kisha injini inazima. Anapiga stata. Injini inazunguka lakini haiwaki. Nyuma yake honi zinaanza.

Subaru za turbo zilizotumika Japani huingia ukanda huu kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Mapenzi kwa gari hilo yana historia: mwaka 1997 Colin McRae, dereva kutoka Scotland, alishinda mbio za Safari Rally nchini Kenya akiwa na Impreza. Lakini wengi wakishalinunua hawaliachi lilivyotoka kiwandani. Hubadili ekzosi, chujio la hewa na valvu ya turbo.

Siku likigoma, mwenye gari huambiwa anunue pampu ya mafuta. Isiposaidia, anunue koili, kisha sensa. Fedha zinakwisha, gari bado linazima.

Fundi makini huanza na swali: ni kitu gani kilibadilishwa mara ya mwisho? Kisha hutafuta kinachokosekana, kwani injini ya petroli huhitaji mafuta, moto wa plagi na mgandamizo.

Swichi ikiwashwa bila kupiga stata, pampu husikika ikiunguruma kwa sekunde chache upande wa nyuma. Ikiwa kimya, hukaguliwa fyuzi, rilei na nyaya za alamu, maana alamu nyingi hufungwa kwa kukata waya wa pampu au wa stata. Ikiunguruma, hufunguliwa plagi, kazi yenye usumbufu kwa kuwa silinda za Subaru zimelala ubavuni. Plagi kavu huashiria kuwa mafuta hayafiki. Zikiwa zimelowa petroli, ama moto haupo au mafuta yamezidi.

Hapo ndipo ule mlio wa turbo unapogeuka ushahidi. Sensa iliyo karibu na chujio hupima hewa inayoingia, na kompyuta hupanga kiasi cha petroli kwa kipimo hicho. Valvu ya kiwandani hurudisha hewa ya ziada kwenye bomba la kuingizia hewa. Ile ya kuongezwa huimwaga nje. Kompyuta haina habari. Inaendelea kutoa petroli kwa ajili ya hewa ambayo haipo tena. Injini inapaliwa, plagi zinalowa, gari linagoma.

Dawa yake ni kurudisha valvu ya zamani, kukausha plagi na kujaribu tena. Huenda valvu hiyo bado iko stoo.

Gari likizima kila linapopata moto na kuwaka likishapoa, mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krankishafti.

Lakini stata ikizungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, dereva aache mara moja. Huenda mkanda wa taimingi umekatika. Katika injini hizi valvu hugonga pistoni, na kila jaribio la kuwasha laweza kuongeza hasara. Hapo fungu la kulipia ni la injini nzima, si la plagi nne.