Jinsi Simu Inavyotambua Picha za Utupu

Simu ya mkononi ya siku hizi ni kamera, ni sanduku la barua na ni jumba la sinema, vyote katika chombo kimoja kinachoenea kiganjani. Mtoto anapokabidhiwa chombo hicho, hukabidhiwa pia njia ambayo picha za utupu zaweza kumfikia bila yeye kuzitafuta, na ambayo picha yake mwenyewe yaweza kutoka isirudi tena. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa kompyuta wameunda programu zinazoichunguza picha kabla mtoto hajaiona, na kuifunika iwapo ina utupu. Makala hii inaeleza namna programu hizo zinavyofanya kazi, mipaka ya uwezo wake, na sababu zinazomfanya mzazi au mwalimu asizitegemee peke yake.

PICHA NI NAMBA

Kompyuta haina macho. Kwake yenyewe, picha ni orodha ndefu ya namba. Kila picha imegawanyika katika vinukta vidogo sana viitwavyo pikseli, na kila pikseli huelezwa kwa namba tatu: kiasi cha wekundu, cha kijani na cha buluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255. Picha yenye pikseli 3,000 kwa upana na 4,000 kwa urefu ina pikseli 12,000,000, yaani namba 36,000,000. Swali la kisayansi basi ni hili: namba hizo zitatambuliwaje kuwa ni mwili wa mtu asiye na nguo, wala si mchanga wa ufukweni au donge la unga uliokandwa?

NJIA YA KULINGANISHA

Njia ya kwanza haijaribu kuelewa picha kabisa. Huilinganisha tu na picha zinazojulikana. Mwaka 2009 kampuni ya Microsoft, ikishirikiana na Profesa Hany Farid wa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, ilitengeneza mbinu iitwayo PhotoDNA. Picha hugeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, ikafanywa ya kipimo maalumu, kisha ikagawanywa katika vyumba vidogo mithili ya karatasi ya grafu. Katika kila chumba hupimwa jinsi mwanga unavyobadilika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Vipimo hivyo huwa muhtasari wa namba, unaoweza kufananishwa na alama ya kidole.

Muhtasari huo hulinganishwa na mihtasari ya picha za unyanyasaji wa watoto ambazo zimekwisha kutambuliwa na kuorodheshwa. Faida yake ni kwamba hata picha ikipunguzwa ukubwa au kubadilishwa rangi kidogo, bado hutambulikana. Upungufu wake nao ni dhahiri: picha iliyopigwa leo asubuhi haimo katika orodha yoyote, na kwa hiyo hupita bila kuzuiwa.

NJIA YA KUJIFUNZA

Njia ya pili hujaribu kutambua picha mpya. Mwaka 1996 watafiti Margaret Fleck, David Forsyth na Chris Bregler walichapisha mbinu iliyotafuta kwanza sehemu za picha zenye rangi inayokaribiana na ya ngozi, kisha ikachunguza kama sehemu hizo zimeungana kama mikono, miguu na kiwiliwili vinavyoungana. Lakini rangi za ngozi ya binadamu ni nyingi, na vitu vingi visivyo ngozi vina rangi hizo hizo.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2012. Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto waliingiza kompyuta yao katika shindano la kutambua vitu vilivyomo katika picha. Ikiruhusiwa kubahatisha mara tano kwa kila picha, ilikosea kwa asilimia 15.3 tu, wakati waliowafuata walikosea kwa asilimia 26.2. Kompyuta hiyo haikupewa kanuni za kutambua kitu. Ilionyeshwa mifano mingi mno yenye majina yake, na kila ilipokosea, namba zilizomo ndani yake zilirekebishwa kidogo, mpaka makosa yakapungua. Mpango wa namna hii huitwa mtandao wa nyuroni.

Mtandao uliofunzwa kutambua utupu hautoi jibu la ndiyo au siyo. Hutoa namba kati ya 0 na 1 inayoonyesha kiasi cha uhakika wake. Ni binadamu aamuaye kwamba picha ikipata, mathalani, 0.9 na kuendelea, ifunikwe.

Kwa kuwa mtandao hujua tu kile ulichofunzwa, uteuzi wa mifano ni jambo zito. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za biashara zilizodai kutambua kama sura ni ya mwanamume au ya mwanamke. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifikia asilimia 34.7. Kazi ya programu hizo ilikuwa tofauti na ya kutambua utupu, lakini fundisho ni lile lile. Shule ya Afrika Mashariki inayotaka kununua programu ya kuwalinda wanafunzi ina haki ya kuuliza imefunzwa kwa picha za watu gani.

HESABU YA MAKOSA

Msomaji na achukue mfano huu wa kubuni. Picha 10,000 zinapita katika simu za wanafunzi, na 100 kati yake ni za utupu. Programu inanasa asilimia 95 ya picha za utupu, na inakosea kwa asilimia 2 tu ya picha safi. Itanasa picha 95 za utupu. Lakini asilimia 2 ya picha safi 9,900 ni 198. Jumla ya maonyo ni 293, na kati ya hayo 95 tu ndiyo ya kweli, yaani chini kidogo ya theluthi moja. Picha safi zilizozuiwa zaweza kuwa za mama anyonyeshaye, za kitabu cha biolojia, au za watoto waogeleao ziwani.

Iwapo matokeo ya kosa ni picha kufunikwa tu, madhara ni madogo, kwani mwenye simu aweza kuifunua. Iwapo matokeo ni mtu kushtakiwa, mambo hubadilika. Mwaka 2021 baba mmoja nchini Marekani alipiga picha ya sehemu ya siri ya mwanawe mdogo aliyekuwa mgonjwa, ili daktari aione. Programu ya kampuni iliyohifadhi picha zake ilimdhania mhalifu. Akaunti yake ikafungwa na polisi wakamchunguza. Polisi hawakuona kosa lolote, lakini akaunti hakurudishiwa.

NANI AAMBIWE?

Ujumbe mwingi siku hizi husafiri ukiwa umesimbwa, hata kampuni iusafirishayo haiwezi kuusoma. Kwa sababu hiyo uchunguzi umehamishiwa ndani ya simu yenyewe. Mwezi wa Desemba 2021 kampuni ya Apple ilianza nchini Marekani kutoa ulinzi wa namna hiyo katika simu za watoto: picha hufunikwa, mtoto huonywa na kuelezwa namna ya kupata msaada, na picha haitoki nje ya simu. Google ilitangaza ulinzi unaofanana na huo kwa simu za Android mwaka 2024.

Mpango wa kwanza wa Apple ulitaka pia mzazi apelekewe taarifa pale mtoto mwenye umri chini ya miaka 13 anapoifungua picha iliyofunikwa. Wapinzani walisema kwamba baadhi ya watoto huishi na watu wanaowatesa, na taarifa hiyo ingewatia hatarini. Sehemu hiyo iliondolewa kabla ya kuanza kutumika.

KAZI INAYOBAKI KWA WATU WAZIMA

Programu ya kutambua picha haisomi nia. Mlaghai huanza kwa maneno matamu, zawadi na ahadi. Picha huombwa baadaye, kisha huja vitisho. Hatua hizo za mwanzo hazina utupu wowote wa kutambuliwa.

Mtoto aliyekwisha kutuma picha yake na sasa anatishwa hujificha kwa aibu, na mlaghai huitegemea aibu hiyo. Akigombezwa au kupigwa, hatasema tena. Jambo la kwanza ni kumsikiliza na kumhakikishia kwamba mkosaji ni yule anayemtisha. Pili, asilipe wala asitume picha nyingine. Tatu, ujumbe wa vitisho usifutwe, kwani ni ushahidi. Nne, picha isisambazwe kwa yeyote, hata kwa nia ya kukemea: nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto. Kwa msaada, simu ya huduma kwa watoto nchini Tanzania na Kenya ni namba 116.

Mwalimu wa hisabati aweza kuirudia darasani hesabu ya picha 10,000 kwa kubadilisha viwango vya makosa, na mwalimu wa biolojia au uraia akaendeleza mjadala pale hesabu inapoishia. Mwanafunzi aliyekwisha kulizungumza jambo hili darasani atakuwa na maneno ya kulielezea siku litakapomfika.