BUNDUKI IKINYAMAZA, KAZI NJO INAANZA



Vita ikipita, sisi wa kambi na wa karieri tunauliza: "Barabara imefunguka? Unga imeshuka bei?" Wakijibu ndiyo, tunasema amani imerudi. Lakini tutazame Minova, mji wa soko kando ya ziwa Kivu, katika Kalehe. Pale utaona bunduki inaweza kunyamaza na vita ikabaki ndani ya nyumba.

Tarehe 20/11/2012 Goma ilianguka mikononi mwa M23. Askari wa Serikali wakakimbia, wakafika Minova, kilometa kama 50. Wakapora, wakanajisi wanawake. Umoja wa Mataifa uliandika habari za wanawake 102 na wasichana 33. Na waliofanya vile ni askari waliotumwa kuwalinda!

Mwezi wa pili 2014 mahakama ya kijeshi ilikuja kusikiliza kesi Minova kwenyewe. Wanawake walisema wakiwa wamefunika nyuso. Uhodari gani ule! Tarehe 5/5/2014 hukumu ikatoka Goma: katika askari 39, wawili tu walipatikana na hatia ya kunajisi.

Sasa mama yule anarudi nyumbani. Atakuta nini? Munajua wenyewe: katika Kivu waume wengi waliwafukuza wake zao. Baba, nakuuliza wewe: nani alikosa? Ukimfukuza, unamalizia kazi ya yule askari. Umpeleke hospitali mbele ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia ukimwi haingojei. Kisha ukae upande wake wakati majirani wanasema. Hapo njo pahali pa kwanza pa kujenga amani.

Pahali pa pili ni shamba. Chini ya vita vya Kalehe kuna udongo. Mtu mmoja alipewa shamba na mwami kwa kalinzi; mwingine ana karatasi ya Serikali, kwa sababu sheria ya 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali. Wengine walikimbia vita, wakauza au wakaacha. Wakirudi, wanakuta mwingine analima. Kila mmoja anasema: "Ni yangu!" Mwenye bunduki akipita, anakuta vijana tayari wamekasirika. Ni kukokota tu.

Kwa hiyo shirika moja la Bukavu, Action pour la Paix et la Concorde, pamoja na Life & Peace Institute ya Sweden, walichukua njia ingine katika Kalehe. Hawakuja na mapatano tayari. Waliwauliza watu wa kila kabila chanzo cha ugomvi, wakawarudishia majibu, kila upande ukasikia namna mwenzake anasema. Kisha wakakaa pamoja kutafuta mapatano. Ni kazi ya polepole, lakini mtu hulinda neno alilolisema mwenyewe.

Je, inatosha? Hapana. Kikao cha kijiji hakizuii jeshi. Tarehe 21/1/2025 M23 iliikamata Minova. Mwaka ule ule wakubwa walitia sahihi Washington, na tena Doha. Sahihi zile zina kazi yake: kunyamazisha mizinga. Lakini hakuna waziri atakayekuja kupima mpaka wa shamba lako, wala kumwambia mume amrudishe mke wake. Kazi ya juu bila ya chini ni nyumba bila msingi. Ya chini bila ya juu ni nyumba bila paa.

Na sisi wa madini tusiseme "mambo ya Kivu". Karieri iko na shimo linalogombaniwa, iko na mgeni anayeitwa jina baya. Ugomvi wetu ni mdogo bado. Tuutengeneze sasa.

Zungumzeni nyumbani:
1. Kwetu tunamwita nani "mgeni"? Alikuja lini?
2. Mama akitendewa ubaya, nani atasimama upande wake?
3. Ugomvi gani wa shamba au wa shimo tunaweza kuumaliza mwaka huu, tukikaa pamoja?