Uislamu na haki ya mizani: Je, makaa ya mawe ni nishati safi?

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, Ijumaa ya leo tumeona ni vyema tuzungumzie jambo linaloligusa jiko la kila nyumba mkoani Songwe, nalo ni makaa ya mawe na jina jipya yaliyopewa.

Dini yetu imeharamisha kupunja. Suratul Mutaffifin inaanza kwa onyo kali kwa wanaodai kipimo kamili wanapopokea na kutoa pungufu wanapopimia wenzao. Wanachuoni wamefafanua kuwa kupunja hakuishii kwenye kilo na pishi. Anayekipa kitu jina kisichostahili ili kiuzike, naye amepunja. Na Suratul Baqara, aya ya 42, imetukataza kuchanganya ukweli na uongo na kuuficha ukweli huo hali tunaujua.

WALIOJUA WAKAFICHA

Makampuni makubwa ya mafuta yalijua mapema. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wanasayansi wa kampuni ya Exxon ya Marekani waliwaeleza wakuu wao kwamba kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe kunaipasha dunia joto. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science ulionyesha kuwa makadirio yao yalikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, hadharani kampuni hiyo iliendelea kwa miaka mingi kuitilia shaka elimu ileile. Katika sheria yetu, huko ni kuficha ushahidi.

Serikali nazo zimekuwa zikikutana kila mara kuhusu hali ya hewa tangu mkutano wa Berlin wa mwaka 1995. Ilichukua hadi mwaka 2023, mjini Dubai, ndipo makubaliano yao yakataja kwa mara ya kwanza kuondokana na nishati hizo kwa jumla; na mwenyekiti wa mkutano huo alikuwa mkuu wa shirika la mafuta la Abu Dhabi. Wahenga walisema, kesi ya ngedere hakimu nyani. Mwaka 2025, huko Belém nchini Brazil, makubaliano ya mwisho hayakuzitaja tena.

KIWIRA YETU

Tusidhani kwamba mambo hayo ni ya mbali. Mgodi wa Kiwira, ambao eneo lake la Kabulo liko wilayani Ileje, ulianza kazi mwaka 1988 kwa msaada wa China. Katika miaka ya 2000 ulibinafsishwa kwa kampuni ya Tan Power Resources, na Bungeni ikahojiwa uhusiano wa kampuni hiyo na waliokuwa viongozi wakati wa mauzo. Wananchi waliahidiwa umeme wa megawati 200, lakini haukupatikana. Baadaye serikali iliurejesha mgodi na kuukabidhi kwa shirika lake la madini, STAMICO.

Leo makaa hayo yanatengenezwa mkaa mbadala uitwao Rafiki Briquettes, nao unanadiwa kuwa nishati safi ya kupikia. Wakati huohuo mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo ni jema, na hatumlaumu anayetaka kuinusuru misitu. Lakini serikali ileile inayochimba na kuuza ndiyo pia inayotangaza kipi ni safi. Basi mnunuzi atampelekea nani shaka yake?

Fiqhi inaturuhusu kuchagua dhara nyepesi ili kuepuka nzito. Kwa msingi huo, mtu anaweza kutetea mkaa huu kuliko kufyeka miti. Ila dhara nyepesi hubaki kuwa dhara. Makaa ya mawe hata yakipungua moshi bado yanatoa hewa ukaa, na mkaa wowote ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua watu usingizini. Mama aliyeambiwa kwamba jiko lake ni safi atafunga dirisha bila hofu. Hapo neno moja la biashara limegeuka kuwa suala la roho za watu.

Huenda msomaji akasema kuwa Afrika nzima inatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia, na kwamba Tunduma yenyewe inaishi kwa malori ya mafuta yaendayo Zambia. Ni kweli, na mchimbaji wa Kabulo ana haki ya riziki yake. Ila mkulima wa mahindi wa Momba na wa kahawa wa Mbozi wana msimu mmoja tu wa mvua, na ukiharibika hakuna wa pili wa kuwafidia. Tutawadaije fidia matajiri walioficha ukweli, ikiwa nasi tunaongea lugha yao?

Mwaka 2015, wanachuoni waliokutana Istanbul walizitaka nchi tajiri na zile zinazozalisha mafuta zitangulie kuacha kuichafua anga. Nasi tuyafanye yaliyo ndani ya uwezo wetu. Tunaponunua mkaa huo, tujue kuwa ni makaa ya mawe, na dirisha liwe wazi. Diwani na mbunge tuwaulize ni kwa kipimo gani makaa yameitwa safi, na gesi na umeme vitamfikia lini mwananchi wa kijijini kwa bei anayoimudu. Na watoto wetu madrasa tuwafundishe kwamba kulitunza ardhi na anga ni sehemu ya amana tuliyokabidhiwa.

Tunamuomba Allah awape viongozi wetu ujasiri wa kuisema haki hata inapowapunguzia mapato, na atujaalie mvua yenye manufaa. Amin. Wallahu a'lam.