Ganda gumu pekee halitoshi: Jinsi ya kuchagua sanduku la kudumu kwa safari za ndege

NI jambo la kawaida katika ukumbi wa kupokelea mizigo wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, kuona sanduku likijitokeza kwenye ukanda likiwa na magurudumu matatu badala ya manne, zipu imeachana na mkono wa shati unachungulia nje. Mwenyewe hulitazama mara mbili kabla ya kukiri kuwa ni lake.

Kwa anayesafiri mara moja kwa miaka mitatu, hiyo ni hasara ya kuvumilika. Kwa mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou au Dubai kila baada ya miezi miwili, mambo ni tofauti. Sanduku likipasuka njiani, bidhaa alizozinunua kwa jasho hudondoka asikojua, na aghalabu hulazimika kununua jingine papo hapo ugenini kwa bei asiyoitarajia.

Ndiyo maana masanduku yenye ganda gumu yamewavutia wasafiri wengi kuliko mabegi ya kitambaa. Hata hivyo, ugumu wa ganda umewapumbaza wanunuzi wengi. Mteja huingia dukani, akaligonga sanduku kwa kidole kama anayechagua tikitimaji sokoni, akaridhika na mlio, akalipa. Ganda ndilo linalotazamwa kwanza, ilhali mara nyingi silo linaloharibika kwanza. Hutangulia magurudumu, ukafuata mshikio wa kuvutia, kisha zipu.

Ili kuelewa sababu, yafaa kufuatilia safari ya sanduku baada ya kutoka mikononi mwa mwenyewe. Kutoka kaunta, huingia kwenye mikanda yenye kona na miteremko, likagongana na mengine. Baadaye hupandishwa kwenye mkokoteni, na kutoka hapo huingizwa ndegeni.

Katika ndege kubwa kama Boeing 787, ambayo Kenya Airways ilianza kuitumia mwaka wa 2014, mizigo hupangwa kwanza ndani ya makasha maalumu ambayo ndiyo huinuliwa na mitambo. Katika ndege ndogo kama Embraer 190 au Boeing 737, kwa kawaida kila sanduku hupakiwa kwa mkono, moja baada ya jingine, na wafanyakazi waliopiga magoti ndani ya nafasi finyu huku saa ikiwakimbiza. Sanduku la kilo 23 halitarajiwi kuwekwa pale kwa upole. Anayebadilisha ndege mara mbili njiani hulipitisha sanduku lake katika misukosuko hiyo mara tatu.

Ganda lililo zuri, basi, si lile lisilobonyea kamwe. Ni lile linalobonyea na kurejea lilivyokuwa.

Hapo ndipo aina ya malighafi inapokuwa na maana. Masanduku mengi ya bei nafuu yaliyojaa madukani Eastleigh na kwingineko hutengenezwa kwa plastiki iitwayo ABS, ambayo pia hutumika kuundia vitufe vya kompyuta na vitu vya kuchezea watoto. Ni nyepesi, ina mng'aro na huchukua rangi vizuri. Udhaifu wake ni kuwa ikipata pigo kali, hasa penye baridi, hupasuka badala ya kupinda. Dalili ya kwanza ni alama nyeupe zinazojitokeza kwenye pembe zilizopindwa.

Polikaboneti ina tabia tofauti. Plastiki hiyo ilivumbuliwa mwaka wa 1953 na mwanakemia Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani, na karibu wakati uo huo na Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani, bila ya mmoja kujua kazi ya mwenzake. Ndiyo inayotumiwa kutengenezea ngao za polisi wa kukabili ghasia pamoja na vioo vya taa za mbele za magari. Rimowa, kampuni ya Cologne iliyokuwa ikitengeneza masanduku ya alumini tangu 1937, ilileta sanduku la polikaboneti mwaka wa 2000, na tangu hapo watengenezaji wengi wakafuata.

Mnunuzi anapaswa kusoma kijikaratasi kilichobandikwa ndani ya sanduku kwa makini. Herufi PC peke yake humaanisha polikaboneti tupu. Penye maandishi ABS+PC, huo ni mchanganyiko, na mara nyingi polikaboneti ni utando mwembamba tu uliopakwa juu ya ABS ili kulipa sanduku sura ya ughali. Kukosekana kwa maandishi yoyote nako ni jibu.

Polikaboneti nayo ina adui zake. Hukwaruzika kwa urahisi, na kemikali kama vile petroli na thina huidhoofisha hadi ikaingia nyufa ndogondogo. Mwenye kutaka kuondoa gundi ya vibandiko vya uwanja wa ndege atumie maji ya vuguvugu na sabuni laini.

Plastiki ya tatu ni polipropilini, ndugu wa ile inayoundiwa ndoo na viti vya plastiki. Ni nyepesi kuliko zote mbili na hustahimili kupindwa mara nyingi bila ya kukatika. Aghalabu masanduku ya aina hii hufungwa kwa vibanio badala ya zipu, jambo ambalo, kama itakavyoonekana, lina faida yake.

Alumini haipasuki, bali hubonyea, na kovu likishaingia halitoki. Kuna wasafiri wanaojivunia makovu hayo. Tatizo lake ni uzito: sanduku kubwa la alumini huweza kupita kilo sita likiwa tupu, ilhali la polikaboneti la ukubwa huo huwa na kilo nne hadi tano. Ikiwa tiketi inaruhusu kilo 23, tofauti hiyo ni jozi mbili za viatu ambazo mfanyabiashara angeziuza. (Wazazi wanaokumbuka uimara wa masanduku ya bati yanayofuliwa na mafundi wa Kamukunji kwa ajili ya wanafunzi wa shule za bweni wasitamani kurejea huko. Sanduku lile liliundwa likae chini ya kitanda kwa miaka minne, si lirushwe.)

Baada ya ganda, mnunuzi aligeuze sanduku juu chini. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Masanduku ya magurudumu manne yanayozunguka pande zote yamependwa kwa sababu husukumwa kwa kidole kwenye sakafu laini. Lakini magurudumu hayo huchomoza nje kama miguu ya meza, na kila linapotua sanduku, yenyewe ndiyo hupokea pigo. Yale ya magurudumu mawili huwa yamezamishwa nusu ndani ya ganda, hivyo hulindwa. Isitoshe, magurudumu mawili hustahimili zaidi njia za changarawe na kingo za barabara. Anayeteremka kwenye matatu na kuburuta mzigo wake hadi nyumbani atayathamini kuliko anayeshukia mlangoni kwa teksi.

Iwapo manne ni lazima, yachaguliwe yaliyo mawili mawili kwa kila pembe, yenye mpira badala ya plastiki ngumu, na, muhimu kuliko yote, yaliyofungwa kwa skrubu. Njia ya kuhakikisha ni kufungua zipu ya bitana na kuchungulia nyuma yake. Pakionekana vichwa vya skrubu, gurudumu likivunjika fundi ataweza kulibadilisha kwa dakika chache. Pakiwa na ribiti zilizogongelewa, au gundi, siku gurudumu litakapotoka ndiyo siku sanduku litakapotupwa, hata kama ganda lake bado lingeweza kuzunguka dunia.

Mshikio wa kuvutia nao upimwe ukiwa umetolewa wote. Utikiswe kushoto na kulia. Kuyumba kidogo si kasoro, kwani mirija isiyo na nafasi hata kidogo hukwama ikipindika, lakini ukicheza kama jino bovu, usinunuliwe. Uvutwe na kurudishwa mara kumi mfululizo, muuzaji akitaka asitake. Vishikio vya kubebea vya juu na ubavuni pia vikaguliwe vilivyoshikizwa, kwa maana wapakiaji huinua mzigo kwa hivyo, wala si kwa ule wa kuvutia.

Jaribio bora ni kuomba sanduku lijazwe. Muuzaji mwungwana hatakataa kutia ndani mabegi mengine au pakiti chache za unga kutoka duka la jirani, kisha mteja akaliburuta hadi mlangoni na kurudi. Sanduku tupu halisemi ukweli.

Kuhusu zipu, msafiri afahamu kwamba zipu ya kawaida yenye meno ya nailoni huweza kuachanishwa kwa ncha ya kalamu ya wino, vitu vikatolewa, kisha kitelezi kikapitishwa tena na zipu ikajifunga bila ya alama. Kufuli iliyoning'inia haizuii lolote hapo. Zipu zenye safu mbili za meno ni ngumu zaidi kuchezewa, na masanduku ya vibanio yasiyo na zipu hayana udhaifu huo kabisa. Kwa anayebeba bidhaa, ni bora kulipia zaidi kwa sababu hii kuliko kwa jina la kampuni.

Kufuli zenye alama nyekundu ya almasi, zinazoweza kufunguliwa na maafisa wa usalama wa Marekani kwa funguo zao maalumu, zinafaa kwa wanaoelekea huko kwa kuwa huepusha kukatwa kwa kufuli. Zisitegemewe kama ulinzi. Picha ya funguo hizo ilichapishwa gazetini mwaka wa 2014, na mwaka uliofuata watu walikuwa tayari wanachonga nakala zake kwa mashine za kuchapa.

Vipimo navyo visiachiwe macho. Mashirika mengi ya ndege hutaka jumla ya urefu, upana na kina cha mzigo wa chini isizidi sentimita 158, magurudumu na vishikio vikiwemo. Sanduku la sentimita 76 kwa 50 kwa 30 hupita, lakini baadhi ya wauzaji hupima ganda tu na kusahau magurudumu. Aidha, mashirika mengi hayakubali mzigo mmoja uzidi kilo 32 hata kwa malipo, ili kulinda migongo ya wapakiaji.

Masanduku yenye betri ya kuchajia simu yanunuliwe tu ikiwa betri hutoka. Mashirika makubwa ya Marekani yalianza kuyakataa yenye betri isiyotoka mnamo Januari 2018, kwa hofu ya moto, na betri ya aina hiyo haina ruhusa ya kukaa kwenye mzigo wa chini.

Kisha kuna suala la bei. Tuseme sanduku la Sh6,000 linahimili safari nne: kila safari imegharimu Sh1,500. La Sh20,000 likihimili safari arobaini, kila moja imegharimu Sh500. Hesabu hiyo hugeuka kwa asiyesafiri sana, na hakuna sababu ya mtu kama huyo kujitia deni kwa ajili ya sanduku.

Hata lililo bora huharibiwa na upakiaji mbaya. Lililojaa nusu huwa dhaifu, kwa kuwa ganda halina kitu cha kuliegemeza kutoka ndani linapolaliwa na mengine, na lililofumbwa kwa kukaliwa huimaliza zipu. Vizito vikae upande wa magurudumu.

Iwapo licha ya hayo yote sanduku litafika likiwa limevunjika, sheria ina la kusema. Mkataba wa Montreal wa 1999, ulioanza kutekelezwa Novemba 4, 2003 na ambao Kenya ni mwanachama wake, unalitwika shirika la ndege dhima ya mzigo ulioharibika ukiwa mikononi mwake katika safari za kimataifa zinazohusika na mkataba huo. Tangu Desemba 28, 2024, kikomo cha fidia ni vipimo 1,519 vya sarafu ya Shirika la Fedha Duniani kwa kila abiria, ambavyo kwa viwango vya 2025 vilizidi Sh250,000. Hicho ni kikomo, si malipo ya moja kwa moja. Msafiri hulipwa kulingana na hasara aliyoipata.

Lakini mkataba uo huo unaliondolea shirika dhima kwa kiasi ambacho uharibifu ulitokana na kasoro au ubora wa mzigo wenyewe. Kwa maneno mengine, mwenye sanduku hafifu huweza kupoteza mara mbili: sanduku, na haki ya kulidai.

Malalamiko lazima yawasilishwe kwa maandishi katika muda wa siku saba tangu mzigo kupokewa. Ni salama zaidi kuyaandikisha kwenye kaunta ya mizigo kabla ya kutoka uwanjani, kwa sababu anayepokea mzigo bila ya kulalamika huhesabiwa kuwa ameupokea ukiwa mzima hadi athibitishe vinginevyo. Picha ya sanduku iliyopigwa kwa simu wakati wa kulikabidhi, magurudumu yote yakionekana, itasaidia. Kijikaratasi cha utambulisho wa mzigo kisitupwe hadi sanduku lifike nyumbani na kufunguliwa.