Mpira Uachwe Uzeeke

Hapa Wawi, Pemba, ukisema mpira, umesema wa miguu. Kriketi hutufikia kwa simu tu, tena vipande vipande. Kipande nilichomwonyesha mzee mmoja barazani kilikuwa cha Ruaraka, Nairobi, tarehe 23 Oktoba 2024: Zimbabwe wakiwapiga Gambia. Mpira unaruka nje, unarudishwa, unaruka tena. Mzee alitazama kidogo, akanirudishia simu yangu.

"Sasa huyu anayerusha kakosa nini?"

Siku ile Zimbabwe walipata mikimbio 344 katika ova 20 (kila ova ni mipira sita), na hakuna timu ya taifa ya wanaume iliyokuwa imefika huko katika mechi za kimataifa za aina hiyo. Sikandar Raza alitimiza 100 kwa mipira 33. Sita, yaani mipira iliyovuka mpaka bila kugusa ardhi, zilikuwa 27, rekodi nyingine. Musa Jobarteh wa Gambia alirusha ova zake 4 akatoa mikimbio 93, mingi kuliko mrushaji yeyote kabla yake. Gambia wakatoka kwa 54, tofauti ya 290, nayo haikuwa imewahi kuonekana kwa wanaume. Rekodi nne kwa mechi moja, na zote nne zinaelemea upande mmoja.

Lakini rekodi za namna hii mimi sizihesabu sana. Zinatupa habari za pengo kati ya timu na timu, si kati ya gongo na mpira. (Gongo la mbao, jamani, si lile la chupani.) Kigali, Juni 2019, wanawake wa Mali walitolewa na Rwanda kwa mikimbio 6. Siku mbili baadaye Uganda wakawapiga 314, kisha Tanzania nao wakachukua 285 kwa kupoteza mtu mmoja tu. Wasichana wa Mali walikuwa wanajifunza. Hakuna sheria ya kutibu hilo.

Rekodi ya kweli ya gongo kwenye ardhi yetu ya Afrika Mashariki ni ya Nairobi Gymkhana, 4 Oktoba 1996. Shahid Afridi wa Pakistan, kijana wa miaka 16 kwenye karatasi, alishika gongo kwa mara ya kwanza katika mechi ya kimataifa akafikisha 100 dhidi ya Sri Lanka kwa mipira 37. Sita zilikuwa 11. Rekodi hiyo, ya 100 ya haraka kuliko zote katika mechi za kimataifa za ova 50, ilikaa miaka 17 na zaidi, mpaka Siku ya Mwaka Mpya 2014, alipoivunja Corey Anderson wa New Zealand kwa mpira mmoja tu pungufu. Mwaka mmoja baadaye AB de Villiers akaishusha hadi 31. Na gongo lenyewe la Afridi lilikuwa la kuazima. Mwenyewe husimulia kuwa lilikuwa la Sachin Tendulkar, akapewa na Waqar Younis.

Nilipomweleza mzee haya, yeye akanirudisha kwenye mchezo wa ng'ombe. Ng'ombe wetu wa Pemba hauawi, anachezwa, na amefungwa kamba. Kamba ikiwa fupi mno, ng'ombe ni kama kifungoni na mchezaji anajionyesha bure. Ikiachiwa mno, watu wanapanda miembe. "Utamu wote," alisema, "uko kwa mshika kamba."

Katika kriketi kamba hiyo imevutwa na kulegezwa tangu zamani. Mwaka 1771 Mwingereza mmoja aitwaye White alikuja uwanjani na gongo pana kama wiketi yenyewe, vile vijiti anavyovilinda mpigaji. Ikabidi upana uwekewe mpaka, na mpaka huo wa milimita 108 haujabadilika hadi leo. Unene ulisahaulika hadi Oktoba 2017, ndipo ikaamuliwa usizidi milimita 67, na kingo zisizidi 40.

Mimi naona kosa kubwa lilifanyika kwenye mpira, si kwenye gongo. Kuanzia Oktoba 2011, mechi ya ova 50 ilichezwa kwa mipira miwili mipya, mmoja kila upande. Maana yake kila mpira ulifanya kazi ova 25 tu. Haukupata kuchakaa. Na mpira wa kriketi uliochakaa ndio wenye ujanja: upande mmoja umeng'arishwa, wa pili umeparuzika, ukirushwa kwa kasi unapinda kinyume na alivyotazamia mpigaji. Mpira usiozeeka hubaki mgumu, unapigika vizuri mpaka mwisho. Mwaka 2018 England waliwapiga Australia 481, na 2022 wakawapiga Uholanzi 498, rekodi ya kimataifa mpaka sasa. Aliyelalamikia mipira miwili waziwazi mwaka 2018 ni Tendulkar, mwenye gongo, mpigaji aliyepata mikimbio mingi kuliko wote katika mechi za kimataifa.

Julai 2025 kamba ikalegezwa kidogo. Mipira miwili inatumika mpaka ova ya 34, kisha timu inayorusha inachagua mmoja wa kumalizia.

Hesabu za warushaji ndizo ninazozipenda, na mbili kati ya hizo ni za watu wazima wa kwetu. Asif Karim, mzaliwa wa Mombasa, aliyewahi pia kuiwakilisha Kenya katika tenisi, alikuwa amestaafu baada ya Kombe la Dunia la 1999. Akaitwa tena 2003, umri 39. Durban, tarehe 15 Machi, Australia mabingwa wanaifukuzia 174 ya Kenya kama wanaokwenda sokoni. Wamefika 109 kwa wiketi mbili, yaani wapigaji wawili tu wametolewa. Mzee wa Mombasa anarusha polepole kwa mkono wa kushoto. Anamwondoa Ricky Ponting, anamwondoa Darren Lehmann, anamwondoa Brad Hogg. Hesabu yake mwishoni: ova 8 na mipira 2, sita kati ya hizo hazikutoa kitu, mikimbio 7, wiketi 3. Australia walishinda, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa yeye.

Wa pili ni Frank Nsubuga wa Uganda. Juni 2024 huko Guyana, akiwa na miaka 43, aliwarushia Papua New Guinea ova 4 akatoa mikimbio 4 na kuchukua wiketi 2. Kombe la Dunia la wanaume la ova 20 halikuwa limeona mrushaji bahili kama yeye kwa ova zote nne, na Uganda wakapata ushindi wao wa kwanza humo. Rekodi ilidumu siku 12. Lockie Ferguson wa New Zealand akarusha nne bila kutoa hata mmoja, dhidi ya Papua New Guinea haohao, maskini.

Mzee alisikiliza yote, kisha akarudi kwenye ova ya 34.

"Na ule mpira wa pili, usiochaguliwa, unakwenda wapi?"

Nikamwambia unawekwa akiba pamoja na mipira mingine iliyotumika, ukipotea huu au ukiharibika.

"Aa," akasema. "Basi umestaafu tu. Kama yule wa Mombasa."