Dawa ya mizabibu

Watoto, divai ya Misa mwaijua, lakini mzabibu wenyewe pengine hamjauona. Hupanda juu ya vijiti kama maharagwe, ila shina lake ni gumu. Matunda yake huzaa vichala vichala. Huko Ufaransa watu wengi hupata riziki zao kwa mti huo.

Mwaka 1878 ulionekana kule ugonjwa mpya, uliotoka Marekani. Jina lake ni mildiu. Kwanza jani huonyesha madoa ya manjano, kana kwamba limedondokewa na mafuta. Baada ya usiku wenye unyevu, geuza jani, tazama chini yake: utaona manyoya meupe, laini kama ya kifaranga. Hiyo ndiyo alama yake. Maana kuna ugonjwa mwingine uletao unga mweupe juu ya jani, nao dawa yake ni nyingine. Kisha jani hukauka, huanguka, na zabibu haziivi vizuri.

Wakulima walihangaika sana. Mwezi wa Oktoba 1882, Bwana Millardet, mwalimu wa chuo kikuu cha Bordeaux, alikuwa akipita katika mashamba ya Médoc. Mizabibu ilikuwa imepukutika, lakini ile ya kando ya njia ilikuwa ingali na majani yake. Kwa nini? Kumbe wenye shamba walikuwa wameipaka mrututu na chokaa, ili wapita njia waone rangi ya buluu, waogope sumu, wasiibe zabibu! Dawa ya wezi ilikuwa imezuia ugonjwa. Millardet akajaribu, akapima, na mwaka 1885 akawatangazia watu wote. Mrututu huo hutengenezwa kwa shaba, madini yale yale yachimbwayo Katanga.

Lakini sikilizeni vizuri: dawa hii haiponyi jani lililokwisha kushikwa. Mbegu za ugonjwa huamka ndani ya matone ya maji, na shaba huziua hapo, kabla hazijaingia katika jani. Kwa hiyo mkulima hunyunyiza mapema, mvua haijanyesha, juu ya majani na chini yake. Mvua ikiiosha dawa, hurudia. Tena hupunguza matawi, upepo upite, majani yakauke upesi. Yaliyoanguka huyakusanya na kuyateketeza, maana mbegu hulala humo wakati wote wa baridi. Wala asizidishe dawa: shaba haiozi, hubaki udongoni mwaka hata mwaka, na ikiwa nyingi hudhuru nyungunyungu.