Unataka kusomea ubunifu wa vitambaa? Jipange mapema, karatasi pekee haitakulisha

Angalia shati ulilovaa sasa hivi. Kabla fundi hajalikata, kuna mtu aliyeketi akaamua mistari iwe minene kiasi gani, ua lirudi baada ya sentimita ngapi na rangi ipi ikae kando ya ipi. Huyo mtu si fundi cherehani na wala si mwanamitindo wa jukwaani. Ni mbunifu wa vitambaa, na hiyo ni kazi inayosomewa chuoni hapa hapa Kenya.

Kila msimu KUCCPS ikifungua mtandao wake, maswali huwa ni yale yale. "Nilipata C+, napenda kuchora, lakini mathe anasema hiyo ni kozi ya kupoteza wakati. Niende ama niachane nayo?"

Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili karo ilipokatika, kwa hivyo sina digrii ya kukupigia debe. Lakini kublogu kuhusu mavazi kumenizungusha kwa wachapaji wa tisheti, kwa maduka ya vitambaa Eastleigh na Biashara Street, na kwa wabunifu waliomaliza chuo. Nimeona anayeomoka na anayesota. Mara nyingi tofauti yao si kipaji.

Kozi tatu, usizichanganye

Watu wengi huweka kila kitu cha nguo kwenye kapu moja. Ukijaza fomu hivyo, unaweza kujikuta miaka minne kwenye darasa ambalo hukulitaka.

Ubunifu wa mavazi unahusu umbo la nguo: mikono, kola, pindo, vile inakaa mwilini. Ubunifu wa vitambaa unahusu nguo kabla haijakuwa nguo: mchoro, rangi, mfumo wa nyuzi. Uhandisi wa nguo nao ni mashine, kemikali na uzalishaji, na huko hesabu na fizikia hazikwepeki.

Kenyatta University inajulikana kwa ubunifu wa mavazi na soko lake. Moi University kule Eldoret ina uhandisi wa nguo. University of Nairobi ina shahada ya ubunifu. Kabla hujachagua, tafuta orodha ya masomo ya kila muhula, usisome jina la kozi pekee. Jina linaweza kusema "vitambaa" na ndani ukapata muhula mmoja tu wa kuchapa.

Na kama hukufikisha C+, usilie. Diploma inaanzia C- na vyuo vya kiufundi vingi vinafundisha mavazi na nguo kwa mikono zaidi kuliko kwa nadharia. HELB inakopesha wanafunzi wa vyuo vya kiufundi pia.

Darasani utapata nini

Kwanza utajua uzi. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za aina mbili: mtande, zile zinazotandikwa kwa urefu kwenye mtambo, na mshindio, zile zinazopita kukatiza. Badilisha jinsi mshindio unavyoruka mtande na utapata kitambaa kingine kabisa. Jinzi ina ile mistari ya mshazari kwa sababu hiyo, na mtande wake ndio uliotiwa rangi ya buluu huku mshindio ukiachwa mweupe. Ndiyo maana ndani ya jinzi yako ni peupe kuliko nje.

Halafu kuna rangi. Pamba na poliesta hazipokei rangi kwa njia moja. Wale jamaa wa kuchapa jezi kwa joto hutumia poliesta kwa sababu rangi ile haishiki kwenye pamba. Msee asiyejua hili atapokea oda ya tisheti za pamba, azichape kwa mtambo wa jezi, halafu mteja azifue mara mbili picha iondoke.

Tatu ni mrudio, yaani kipande cha mchoro kinachojirudia bila kuonyesha mahali kilipoungwa. Skrini nyingi za viwandani zenye umbo la mviringo zina mzingo wa sentimita 64. Maana yake, mchoro wako sharti ugawike ndani ya hiyo 64: unaweza kuwa wa 64, 32 au 16. Ukileta mchoro mrembo wa sentimita 50, kiwandani watakurudishia uanze upya.

Mwisho ni kompyuta. Utachora kwa mkono, ndiyo, lakini kazi itatumwa kama faili. Jifunze programu za kuchora mapema. Kusubiri mpaka mwaka wa nne ni kujichelewesha.

Hesabu ndiyo inawaangusha wengi

Hapa ndipo vijana wenye vipaji hupotelea. Wanachora vizuri lakini hawajui bei ya walichochora.

Ukichapa kwa skrini, kila rangi inahitaji skrini yake. Chukua mfano huu, nambari ni za kuelewana tu. Tuseme skrini moja inagharimu Sh3,000 na mchoro wako una rangi nne. Hiyo ni Sh12,000 kabla hujachapa hata mita moja. Ukichapa mita 30, kila mita inabeba Sh400 za skrini pekee. Ukichapa mita 600, kila mita inabeba Sh20.

Umeona? Mchoro ule ule, kitambaa kile kile, lakini kwa oda ndogo mteja atakimbia. Mbunifu mjanja anauliza oda ni ya mita ngapi kabla hajashika penseli. Kama ni ndogo, anachora kwa rangi mbili na kuifanya rangi ya kitambaa chenyewe iwe ya tatu. Hakuna anayelipia hiyo rangi ya tatu.

Hilo ndilo swali waajiri huuliza na wahitimu hubaki wameduwaa: "Kazi hii itanigharimu ngapi kwa mita?" Ukiweza kulijibu, umeshawapita wengi waliokuja na michoro mizuri tu.

Kazi ziko wapi kwa ukweli?

Tusidanganyane. Viwanda vingi vya nguo vilivyokuwa vikiajiri wazazi wetu viliporomoka tangu miaka ya 1990, pale soko lilipofunguliwa na mitumba ikamwagika. KICOMI ya Kisumu ni jina ambalo wazee bado hulitaja kwa huzuni. Rivatex ya Eldoret nayo ilianguka, lakini Moi University ikainunua mwaka wa 2007, na mwaka wa 2019 ikazinduliwa upya ikiwa na mitambo ya kisasa. Thika Cloth Mills bado inafuma.

Athi River kwenye maeneo ya EPZ kuna maelfu ya kazi za nguo, na nguo nyingi zimekuwa zikienda Marekani chini ya AGOA, sheria ya mwaka wa 2000 iliyofungua mlango bila ushuru. Lakini elewa jambo moja. Viwanda hivyo hushona nguo ambazo mnunuzi wa ng'ambo amekwisha kuzichora, na kitambaa kikubwa hutoka nje. Ukienda pale ukisema "mimi ni mbunifu", wanaweza wasikuelewe. Ukisema unajua kukagua ubora wa kitambaa, kulinganisha rangi na sampuli ya mteja na kusoma maagizo ya oda, hapo utasikizwa.

Nafasi nyingine hazina bango getini. Kuna wachapaji wadogo wa mjini wanaohitaji mtu wa kuwatengenezea faili. Kuna watu wa mapazia na mito ya makochi, hoteli zinazotaka kitambaa ambacho jirani hana, makanisa, kwaya, vyama na harusi zinazoagiza vitenge vya pamoja. Hawa wote wananunua mchoro, hata kama hawauiti hivyo.

Jifunze kwa leso

Kama hujui uanze na mradi gani, anza na leso. Ni darasa zima ndani ya kipande cha kitambaa. Ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa upande wa chini. Kila sehemu ina kazi yake. Pindo likizidi nguvu, mji unapotea. Jina likiwa dhaifu, mama wa Mombasa atalisoma, atacheka kidogo, airudishe kwenye rafu.

Jaribu kubuni leso moja kamili kwa rangi tatu tu. Chora pindo, chora mji, tunga jina lako mwenyewe. Kisha ipeleke kwa wanawake watano wanaozivaa, uwaulize kama wangeinunua na ya kumpa nani. Majibu yao yatakufunza soko kuliko vitabu vitatu.

Na ukipata mchoro mzuri, ulinde. Kuna kampuni ya Uingereza iliyowahi kutaka kusajili neno "Kikoy" kama alama yake ya biashara huko kwao, mpaka Wakenya na marafiki zao wakapinga. Hapa nyumbani, KIPI husajili michoro ya bidhaa. Usajili hudumu miaka 5 na unaweza kuongezwa mara mbili, jumla miaka 15. Lakini mchoro uwe mpya. Ukiupakia mtandaoni ili upate likes halafu ukumbuke usajili baadaye, unaweza kujiharibia. Sajili kwanza, post baadaye.

Mpango wako, mwaka hadi mwaka

Mwaka wa kwanza, nunua daftari moja na ubandike vipande vya vitambaa. Maduka na mafundi hutupa mabaki kila siku, waombe. Chini ya kila kipande andika ni uzi gani, umefumwaje na mita inauzwa ngapi. Ukifikisha vipande 100, mikono yako itakuwa inatambua kitambaa gizani.

Mwaka wa pili, tafuta mchapaji wa karibu na umwombe kusaidia Jumamosi. Utaosha skrini, utabeba ndoo, nguo zako zitaharibika. Vumilia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwaka wa tatu ni atachimenti. Usingoje barua ya chuo mwezi wa mwisho. Andika maombi miezi sita kabla, na usiende tu mahali ambapo shangazi anafanya kazi ofisini ukakae ukichemsha chai. Chagua mahali penye mtambo.

Mwaka wa nne, punguza. Potifolio yenye michoro 60 inachosha. Weka kazi 8 au 10, na kwa kila moja onyesha wazo, mrudio, matoleo ya rangi mbili au tatu, kitambaa chenyewe kilichochapwa, na bei yake kwa mita. Mwajiri akikishika kitambaa mkononi, mazungumzo yanabadilika.

Kabla hujaketi na wazazi

Wazazi wanaokataa si maadui. Wengi wao waliona viwanda vikifungwa na mafundi wakirudi nyumbani. Ukiwaambia "lakini ni passion yangu", umewapa sababu ya kukataa zaidi. Mama anawaza kodi ya nyumba na ndugu zako wawili wanaokufuata.

Kwa hivyo mpelekee hesabu. Mwonyeshe karo ni ngapi, na juu yake vifaa: rangi, karatasi, vitambaa vya majaribio, kompyuta. Gharama hizo haziko kwenye barua ya chuo na ndizo huwafanya wengi kukwama katikati. Mwambie utazipataje. Mwonyeshe mahali pawili au patatu ulipokwisha kwenda kuuliza kazi, na walikujibu nini.

Halafu jiulize mwenyewe swali moja gumu. Je, unapenda kitambaa, au unapenda picha za watu waliovaa vizuri? Kama ni picha, kuna njia fupi na za bei rahisi: kamera, mitindo, hata kublogu kama mimi. Mkopo wa HELB utaulipa hata kama kozi hukuipenda.

Lakini kama ukipita Gikomba unashika kitambaa kabla hujaangalia saizi, ukikaa kwenye matatu unahesabu mrudio wa ua kwenye kiti cha mbele, basi huenda kozi hii ni yako. Ijaze, na wiki hiyo hiyo nenda ukatafute mchapaji wa Jumamosi. Darasa linaweza kungoja Septemba, lakini yeye hahitaji kuona barua yako ya kujiunga na chuo.